Salamu ya Kushoto

Kwa miaka minne shingo ya Mbwarali, mchonga milango, ilikuwa haigeuki kushoto. Jana alimeza kidonge cha kulegeza misuli alichoandikiwa na daktari, akalala fofofo mpaka mkewe alipomtikisa alfajiri.

Msikitini, swala ilipofika mwisho, aligeuza uso kulia kutoa salamu, kisha kushoto. Ukaenda! Ukaenda mpaka begani! Nusura acheke.

Akakutana uso kwa uso na Shaibu, jirani yake, aliyezoea kuswali kushoto kwake na kumnunia miaka yote hiyo.

“Kumbe leo na mimi nastahili salamu?” Shaibu aliuliza.

“Ilikuwa shingo, ndugu yangu. Shingo tu!”

Shaibu akamwekea kiganja shingoni, taratibu.

“Hebu geuza tena.”