Kitovu cha Kwanza cha Pointe Verret

Mtungi ulikuwa mtupu, lakini seneta aliupigapiga mgongoni kama fahali aliyeshinda maonyesho, na watu wakapiga makofi.

Ulikuwa mtungi wa chuma, mrefu kupita mtu, wa kugandishia damu inayobaki kwenye kitovu mtoto akishazaliwa. Kiunoni walikuwa wameufunga utepe mwekundu. Rangi mbichi ya kuta za hospitali ya Pointe Verret ilinuka hadi ikaishinda harufu ya soseji za boudin zilizopangwa mezani.

Seneta Dwight Arceneaux alieleza jinsi alivyoipigania benki hii ya umma ya damu ya vitovu, kwa jasho, tangu watu wengine hawajaisikia. Bi Eulalie Metoyer, aliyesimamishwa kando yake kwa ajili ya picha, alisikiliza kwa adabu. Jasho hilo alilikumbuka vizuri, maana lilikuwa lake.

Mwanawe wa kwanza, Antoine, alikufa kwa saratani ya damu akingoja mtu mwenye uboho unaolingana na wake. Hakupatikana. Kwa weusi wa Louisiana, ambao ukoo mmoja umechanganya damu za mabara matatu, kumpata wa kulingana naye ni bahati nasibu. Daktari alimwambia mama kuwa damu ya kitovu haichagui sana, ingeweza kumfaa, ila benki zilizopo zina vitovu vichache mno vya watu wao. Vilivyobaki huenda jalalani pamoja na glavu.

Bi Eulalie akaanza safari za Baton Rouge, kwenye bunge la jimbo. Kila bajeti ikikaribia, yumo koridoni na kofia yake ya kanisani, anamngoja seneta. Naye alimpokea kwa ule upole wanaotengewa wajane na wendawazimu. "Bi Eulalie," alimwambia siku moja, "serikali ina barabara za kutengeneza. Haiwezi kuweka vitovu vya watu kwenye friji."

Kisha uchaguzi ukakaribia, kura za mtaa wa Bi Eulalie zikaota utamu, na seneta akagundua kwamba tangu utotoni alikuwa akivipenda sana vitovu.

"Na hatukuwaongezea hata senti moja ya kodi," alisema sasa kwenye kipaza sauti. "Fedha zote tumezipata humuhumu, ndani ya hospitali hii. Huko ndiko kubana matumizi."

Kip Landry, mkurugenzi wa hospitali, alipiga makofi kwa ncha za vidole.

Wauguzi walikuwa wamepangwa ukutani, sare zimenyooshwa, wakigawa keki. Mmoja wao alikuwa Claudette, mkunga aliyemzalisha Bi Eulalie binti yake Odette. Bi Eulalie alimshukuru kwa kuacha kazi zake aje shereheni. Claudette akamkatia kipande kikubwa, akamjibu kuwa leo kazi si nyingi. Macho yake yalikuwa mekundu. Bi Eulalie alidhani ni ile rangi.

Kilichokosekana ni kitovu chenyewe, na hapo Bi Eulalie alikuwa na habari njema. Odette alikuwa ameshikwa na uchungu alfajiri ile. Alishaweka ahadi kwamba kitovu cha mwanawe kitakuwa cha kwanza kuingia mtungini, na mumewe Terrell alikuwa amempakia garini. Bi Eulalie alimnong'oneza seneta, na seneta, ambaye hakuwahi kuficha siri yenye faida, akawatangazia wanahabari.

Landry alikauka. Alisema mimba ya kwanza haina haraka, pengine ni kesho, pengine hata wiki ijayo, na keki ingeharibika. Seneta akamwambia kamera ziko hapa leo. Landry akatoka kwenda kuangalia getini. Aliporudi alikuwa anafuta paji la uso. Akasema hakumwona mtu huko.

Wakangoja. Seneta alitumia muda huo kuhutubia upya, mara hii bila kupewa nafasi. Alisema damu ya kitovu ni dhahabu tunayoitupa, na kwamba mama yeyote wa wilaya hii sasa ataweza kuokoa maisha ya mtoto wa mwenzake kwa kuzaa tu. Bi Eulalie aliyajua maneno hayo, maana yeye ndiye aliyemwandikia. Hata hivyo yalimtoa machozi. Akamfikiria Antoine, na mtoto wa mtu fulani, mahali fulani, ambaye hangelazimika kungoja.

Simu yake ikalia. Seneta aliichukua mkononi mwake kwa upole wa mwana kwa mama, akafungua sauti, akaisogeza kwenye kipaza sauti ili taifa zima lisikie.

"Mama," Terrell alisema akihema, "ni mvulana. Mzima. Odette naye mzima. Tumemwita Antoine."

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Bi Eulalie alijishika kifua, akakaa. Seneta alifuta jicho moja, lile la upande wa kamera.

"Mwanangu, mimi ni Seneta Arceneaux. Hongera sana. Sasa hicho kitovu kiko wapi? Watu wanakingoja huku."

"Nimekifunga kwa kamba ya kiatu, mheshimiwa. Tuko kando ya barabara ya kwenda hospitali ya Lafayette. Amezaliwa kiti cha nyuma."

"Lafayette mnafuata nini?" Bi Eulalie aliuliza. "Si nilikwambia umlete hapa?"

"Nilimleta, Mama. Mlinzi katurudisha getini. Anasema kuanzia leo hapo hawazalishi tena. Hela za wodi ya wazazi ndizo zilizonunua benki."