Mlinzi wa Kushoto

"Unapita katikati ya miguu yake, Uwesu, na yeye anauangalia tu!"

Mlinzi wa mlango wa kushoto alibana miguu.

Sauti ilikuwa ya bosi wake, Ghanshyam, na ilitoka kwenye dirisha dogo la ofisi, juu kidogo ya kofia ya mlinzi. Ghanshyam aliuza televisheni, deki na feni hapo Mchafukoge tangu mambo yawe ruksa. Alikuwa akizungumza kwa simu na Uwesu wa Unguja, mtu aliyemletea kila kitu: bidhaa za Dubai na, miaka mitatu nyuma, walinzi wa milango yote miwili.

Bosi hakutaja ni nini kilichopita. Lakini mlango wa kushoto ulikuwa wa stoo, na kwenye mlango wa stoo hapapiti kitu ila mzigo.

"Wa kulia ana nafuu," bosi aliendelea. Wa kulia alikuwa Eliasi. "Huyu wa kushoto ndiye anayeniua. Ukienda huku, yeye anakimbilia kule. Na akishaupata hautoi, anasimama nao kama ameokota pochi. Sasa sikiliza. Najaribu wiki moja tu. Kama ni vilevile, Jumatatu narudisha, unibadilishie."

Mlango ule ulilisha nyumba mbili, moja Buguruni na nyingine Mtwara.

Mlinzi alimsimulia Mboni, aliyeuza chai na chapati pale kona.

"Umepitisha mzigo gani?" Mboni aliuliza.

"Sijapitisha hata mmoja."

"Basi umepita ukiwa umelala."

"Dada, mimi silali kazini."

"Jana nzi alitembea kwenye kope yako, kaka yangu. Nilimhesabia hatua."

Makosa yalikuwa matatu. Kuanzia Jumanne mlinzi aliyashughulikia moja baada ya jingine.

Kwanza, alisimama visigino vikigusana. Mteja mmoja, Candida, alipodondosha limau nje ya duka, likabingirika kuelekea stoo, mlinzi alijirusha kifudifudi na kulidaka kwa mikono miwili.

Pili, alihakikisha anakimbilia upande unaotakiwa. Mkokoteni ulipotoka na katoni za feni, aliufuata, akaupita, akaenda kuusubiri Msimbazi. Wasukumaji wakampigia makofi. Wakati huo wote mlangoni hapakuwa na mtu, lakini hilo halikuwamo katika malalamiko ya bosi.

Tatu, kila alichokishika alikitoa papo hapo. Candida alirudishiwa limau lake, kisha mwavuli, kisha mwavuli uleule kwa mara ya pili, wakati huo mwenyewe akiwa bado ameushika.

"Unatafuta namba timu ya taifa?" Mboni alimwuliza, akimpa kitambaa afute magoti.

"Natafuta Jumatatu inikute hapa."

Jumamosi asubuhi dirisha likafunguka tena.

"Uwesu, hakuna mabadiliko! Wiki nzima namwangalia yeye tu, huyu wa kushoto. Gogo! Ukimsukuma, gogo. Ukimwacha, gogo. Keshokutwa narudisha."

Mlinzi akayatazama magoti yake. Yote mawili yalikuwa yamechubuka.

"Ingia ukajisemee," Mboni akamwambia. "Ukingoja kusemewa, utatoka hapo huna hata barua. Sema kweli yote. Mtu akiambiwa kweli yote kwa mpigo hukosa pa kuanzia kugomba."

Akavua kofia, akapiga hodi.

"Karibu, Kitwana," bosi akajibu bila kuinua macho. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, mbele yake televisheni iliyouelekezea mlango mgongo. Hakuuza kitu ambacho hakukijaribu mwenyewe kwanza.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Sema, nina kazi."

"Nimesikia yote uliyomwambia Uwesu. Ya huyo wa kushoto."

"Umesikia? Aa, pole. Hasira tu, nilipayuka."

"Hapana, bosi, una haki. Lakini Uwesu usimlaumu. Uwesu alikuletea mtu makini. Tatizo ni kwamba huyo mtu makini yuko Mtwara."

Vidole vya Ghanshyam vikaacha kubonyeza. "Nani yuko Mtwara?"

"Kitwana."

"Kitwana si wewe?"

"Mimi ni Ridhiwani, shemeji yake. Deiwaka. Kitwana alikwenda kuangalia mikorosho yake mwaka jana mwezi wa tatu, akaniachia koti na kofia. Alisema ni wiki mbili. Mshahara tunakula wote. Na hayo ya nzi anayosema Mboni ni kweli, nimeshalala mara kadhaa, ila si kila siku."

Ghanshyam alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne. Alitazama masikio, akatazama pua, akarudi kwenye masikio.

Kisha akaishika televisheni kwa mikono miwili na kuigeuza taratibu, mpaka kioo kikauelekea mlango. Ilikuwa ikionyesha kaseti ya gemu, mchezo wa besiboli, ule wa kupiga mpira kwa gongo. Kwenye majani ya kijani mpira ulipigwa ukaruka kulia, na mchezaji anayelinda upande wa kushoto, mfupi kama njiti ya kiberiti, akatoka mbio kuelekea kushoto, na wenzake wawili wakatoka naye, hatua kwa hatua.

"Ridhiwani," Ghanshyam akasema, akilijaribu jina kama bidhaa mpya, "mimi nilikuwa namsema huyu."