Gari la Likizo

Kabla ya alfajiri nilisikia bangili ya kazini ya mkwe wangu, Sikudhani, ikivuma taratibu chumbani kwao. Aliwahi kuninong'oneza kwamba siku hizi bangili hizo hutambua mfanyakazi akipigwa nyumbani. Kiwanda humpa likizo papo hapo, humtumia gari, na mume huambiwa ni kazi.

Dereva alibisha hodi. "Kuna dharura kwenye kiwanda cha pamba, tunamhitaji Sikudhani." Alitazama chini, asimwaibishe kwa lile jicho lililovimba.

Mwanangu Mbaraka aliziba mlango. "Pamba nayo ina dharura? Mama, na wewe unaamini?"

Nimemzaa mimi. "Mashine hazilali, baba," nikasema. "Mpishe mwenzio apite."

Alinitazama sana, kisha akapisha.

Jumapili nilimpelekea Sikudhani maandazi katika nyumba ya likizo, kiwanda kilikomficha. Uvimbe ulikuwa umepungua. Nilimwambia ukweli, kwamba Mbaraka aliniuliza maandazi yote yale ni ya nani, kisha akanisindikiza kwa macho mpaka nilipokata kona.

Sikudhani alisogeza pazia, akachungulia barabarani. Akarudi kuketi, akanishika mkono.

"Lakini utakuja tena, mama?"