Mkono wa Sweta

Mkwea miti alikuwa juu kabisa ya mti, msumeno mkononi, ndipo alipogundua kwamba mkanda haumkati nyonga.

Wiki nzima ulikuwa ukimchubua. Jana alipolalamika, mumewe, ambaye ndiye mshika kamba wake, alicheka mbele ya mteja: "Mkanda hauna kosa. Ni wewe umenenepa."

Tangu hapo hakumsemesha. Walilala mzungu wa nne, asubuhi wakafunga mafundo kila mtu na lake moyoni.

Sasa akapapasa kiunoni. Chini ya mkanda vidole vyake vilikuta kitambaa cha sufu, laini, kimeshonewa kwa mishono mikubwa, mmoja huku mwingine kule, kama ya mtu aliyezoea kushona magunia.

Akachungulia chini. Jua lilikuwa limemvua mumewe koti. Alisimama ameishika kamba, ndani ya lile sweta la kijani asilokubali hata lifuliwe. Mkono mmoja wa sweta haukuwepo.

Kazi yao ina sharti: aliye juu hakati mpaka aulize, na aliye chini ajibu kama hapana mtu chini ya tawi. Hata wakiwa wamenuniana.

"Chini?" akauliza.

"Kweupe."

Msumeno haukunguruma.

"Chini?"

"Nimesema kweupe, mama watoto. Unakata au hukati?"

Akautundika msumeno kwenye mkanda, taratibu, asije akaikwaruza ile mishono.

"Nishushe kwanza," akasema. "Tawi halikimbii."