Malkia wa Majimbo

Jedidah alimbana panya kwa ngozi ya shingo, akamkata ncha ya sikio la kushoto kwa makasi ya kushonea. Panya alilia mara moja. Akampaka dawa ya kidonda, akamtia kwenye debe lenye maranda nyuma ya jiko, akafunika.

"Siku nne utakuwa umepona," alimwambia. "Halafu utaitwa Malkia, Mungu atusamehe."

Malkia aliyetangulia alikutwa amekauka kama gunzi asubuhi ile. Jedidah alimtupa chooni kabla mumewe hajamaliza kuvaa soksi. Kwa siku hizo nne angemwambia kwamba Malkia ana mafua na ametengwa. Angeamini. Alikuwa ameamini mara mbili tayari.

Mumewe, Naftaly, alifundisha bayolojia miaka thelathini. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wa gredi wa maziwa, wengine wakapanda makadamia. Yeye alibaki hapa mtaani Majimbo, akajaza chumba cha kijana wao vizimba vya panya weupe. Embu nzima watu hutega panya; yeye aliwatandikia.

Tena walikuwa panya wa hasara. Mwaka wa kwanza walizaana mpaka wakawa wanalaliana. Mwaka wa pili mama mmoja alishtuliwa na sufuria iliyoanguka, akala watoto wake wote wanane, kisha akajilamba ndevu. Mvua ya Aprili ikaleta siafu, wakabakiza mifupa na mikia. Madume wakararuana. Siku moja walitoroka kumi na tisa, na Jedidah akamkuta mmoja ndani ya gunia la maharage ya njahi, mwingine ndani ya kofia yake ya kanisani. Watoto wa mtaa waliwanunua wawili wawili kwa furaha, na kabla jua halijazama mama zao walikuwa wamewarudisha, midomo imepinda.

Kila baada ya msiba, Naftaly alisema, "Tutaanza tena, Mama Njuki." Maana yake, Jedidah aanze tena. Ndiye aliyesugua vizimba, ndiye aliyetenga madume, ndiye aliyeomba maranda kwa fundi seremala akitazama chini kwa aibu. Naftaly angewezaje? Presha ya macho ilikuwa imemla macho polepole, na sasa aliona mwanga wa dirisha tu.

Malkia wa kwanza aliletwa na Njuki mwenyewe, mtoto wao wa pekee, akitoka chuoni alikosomea kazi ya maabara. Alimleta ndani ya bati la biskuti, na ukingo wa bati ukamchana sikio. Pasaka iliyofuata, gari alilopanda Njuki lilibingirika. Wakamzika kijijini Karurumo.

Miezi ile Jedidah hakuikumbuka vizuri. Alikumbuka dari. Alikumbuka lile bati kando ya kitanda, na Naftaly amekaa na panya kiganjani, akipapasa sikio lililochanika. Kisha asubuhi moja akachungulia ndani ya bati, akaona Malkia amekufa. Jambo moja lilimjia wazi kabisa: mzee huyu akijua, atamfuata mwanawe. Ndipo aliposhika makasi kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo alimdharau kidogo. Huwezi kumdanganya mtu miaka sita na bado ukamheshimu kama zamani. Mwalimu mzima wa bayolojia, na panya huishi miaka miwili, ukimbembeleza sana mitatu. Lakini kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Huyu Malkia wangu ana miaka saba," na Jedidah aligeuza uso ukutani asionekane akicheka.

Siku ya nne alimtoa panya kwenye debe, akamweka kiganjani mwa mumewe. Vidole vya Naftaly vilipanda mgongoni, vikafika sikioni, vikatulia.

"Amepona mafua," Naftaly alisema.

"Amepona," alisema Jedidah, akaenda zake jikoni. Hata kuku angeshuku, aliwaza.

Mchana alikuja Riungu, aliyefundisha zamani na Naftaly, kutoka Kinoru kule Meru. Jedidah alichukua chupa, akaenda kununua maziwa ya chai. Aliporudi kwa mlango wa nyuma, alimsikia Riungu akicheka.

"Miaka saba, Naftaly? Umesahau hata uliyofundisha?"

"Sijasahau kitu. Tena huyu wa leo ni dume. Shika mwenyewe."

Jedidah alisimama, chupa mkononi.

Alisikia kiti cha Riungu kikisogezwa. Kisha Riungu akasema, "Basi kuna mtu anakubadilishia."

"Ni Mama Njuki. Huyu ni wa nne."

"Na wewe unajua, unanyamaza? Unamwacha mwanamke akufanye mjinga ndani ya nyumba yako? Hata hawa panya wenyewe huwaoni. Si uwatupe wote mpumzike?"

"Panya nilichoka nao zamani, Riungu," alisema Naftaly. Alishusha sauti, na Jedidah akasogea karibu na mlango. "Yule wa kwanza alifia hapa kiganjani mwangu, nikamrudisha kwenye bati lake, nikakaa nikiwaza nitamwambia nini mke wangu. Alikuwa miezi mitatu kitandani tangu tumzike kijana. Hasemi, haogi, uji namlisha kwa kijiko, na daktari alikuwa ameniambia nijiandae. Asubuhi yake nikasikia nyayo zake sakafuni, anatafuta viatu aende vizimbani kunichagulia Malkia mwingine."