Zipu ya Shemeji

Kudra alikuwa amekwisha kuitoa karata ya Mtego katika kikosi chake alipomwona shemeji yake akipandisha zipu ya koti.

Walikaa uso kwa uso katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Picha ya Ndege, kila mmoja na simu yake, wakichagua karata tano za mchezo wa simuni bila mwenzake kuziona. Kudra aliipigania Kisarawe, shemeji Kibaha. Mshindi angeuwakilisha mkoa katika fainali za taifa huko Dodoma.

Mtego ulikuwa na kazi moja tu: kumwangusha Simba, karata yenye nguvu kuliko zote. Lakini shemeji alikuwa Yanga lialia. Aliingia ukumbini koti limefunguliwa makusudi, jezi ya njano ikiwaka, wenzake wa tawi la mashabiki wakimshangilia kwa nyuma. Mtu kama huyo angemchukuaje Simba, jina la watani wa Yanga?

"Mbona umepoa, shemeji?" shemeji yake alimtania. "Dada yako amekwisha kukupikia pilau ya kukufariji."

Joto lilikuwa kali. Jasho lilimtiririka shingoni, na bado vidole vyake viliendelea kuivuta zipu, polepole, mpaka njano yote ikafunikwa.

Kudra akaikazia macho zipu. Jezi ile ilikuwa ikifichwa isione nini?

Akaurudisha Mtego, akathibitisha kikosi, akaiweka simu mezani.

"Hiyo pilau tutaona nani ataila," alisema. "Vua koti, shemeji, utaungua."

Karata zikaanza kufunuka. Nyuma ya shemeji, kelele zikakatika ghafla.

"Simba?" sauti moja ikauliza. "Wewe?"