Taa Iliyokataa Kukonyeza

Tak. Tak. Tak. Relei, ile swichi ya kukata na kurudisha stima, ilikuwa ikigonga sawasawa, lakini taa juu ya mlango wa hoteli ya Mama Nyanchoka ilikuwa imekodoa jicho lake moja, haifumbi.

Fred Ojwang alijifuta jasho kwa mkono wa shati. Tangu saa nne alikuwa juu ya kiti cha plastiki. Saketi yake, ya kufanya taa iwake na kuzima yenyewe, alikuwa ameilehemu upya mara tatu. Alibadilisha transista. Alibadilisha relei. Aliongeza kapasita ya kuzuia cheche. Wapi. Na jana tu, kibandani kwake, kitu hichohicho kilipepesa taa mpaka majirani wakaja kucheza.

Nyanchoka alikuwa amempa neno lake: taa ikipepesa, kazi ya kuvuta stima kwenye vyumba ishirini anavyojenga Nyamira ni ya Ojwang. Ikifika saa nane bado, anamwita fundi mwingine, Onyancha. Huyo Onyancha alishatangaza soko zima kwamba huyu mtu wa ziwani anajua kufungua redio tu, kuifunga ni shida.

Watu walijaa mlangoni, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Kazi zao ziliwangoja.

"Fundi," akasema Gibson wa buchani, "hiyo taa imeokoka. Haikonyezi mtu."

Wakacheka. Ojwang naye alicheka, kwa meno tu.

Akaomba balbu nyingine. Nyanchoka akamletea ya jikoni, kutoka katoni ileile, nayo ikakodoa vilevile. Akaanza kusema labda kasoro iko kwenye balbu. Mama hakumwacha amalize.

"Usisingizie balbu zangu, fundi. Huu mwaka wa pili ninazo, na hazijanizimikia hata siku moja."

Ojwang akarudi kwenye nyaya. Akakaza hiki, akalegeza kile, akatukana kimoyomoyo kwa Kijaluo.

Saa nane kamili pikipiki ikasimama, Onyancha akashuka. Hakutania, hakuuliza kitu. Alisimama tu mikono mfukoni akiiangalia ile taa, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama, imenishinda," Ojwang akasema. "Vyumba mpe yeye."

Nyanchoka alishusha pumzi. Akatoa ramani ya jengo chini ya kaunta, akamkabidhi Onyancha mbele ya watu wote. Wakapeana mikono, bei ikakubaliwa palepale. Pikipiki ikanguruma ikapotea kwenye barabara ya Nyamira, na wanywaji chai wakaanza kutawanyika, maana hapakuwa na kitu tena cha kuona.

Ojwang alipanda kiti kwa mara ya mwisho, akaifungua balbu ya watu ili airudishe. Akashuka nayo, akanyoosha mkono kumpa mwenyewe.

Kiganjani mwake, mbali na waya wowote, balbu ilikuwa bado inawaka, kwa betri iliyofichwa ndani yake.